Sare ya Kijani, Sare ya Bluu

Jumatatu, 3 Machi

Sare mpya zimefika. Maboksi manne, nailoni bado haijatolewa. Ovaroli za kijani ni za wanaume. Magauni ya bluu ni ya wanawake. Katibu mpya wa hospitali amekuja mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, orodha mkononi, miwani kwenye ncha ya pua. Wanaume: boila, mashine za kufua, matoroli. Wanawake: rola ya pasi, kukunja, cherehani. Kila mtu na upande wake, kila upande na chumba chake cha kubadilishia nguo. Kuanzia Jumatatu ijayo.

Alipofika kwangu akasimama. Akatazama karatasi, akanitazama mimi. Karatasi. Mimi. Faili linasema KE. Mbele yake kuna mtu kichwa kipara, grisi hadi kwenye viwiko, kifua kimefungwa kitambaa chini ya shati — na hereni moja ndogo sikioni, maana leo niliamka nikaitaka.

Miaka tisa niko hapa. Asubuhi nawasha boila na Mzee Geji. Mchana, moto ukitulia, nakaa kwenye cherehani natia viraka mashuka ya wodini. Spana mpaka saa sita, sindano mpaka saa kumi. Hakuna aliyewahi kuuliza. Jina langu humu ni Pande, kwa sababu mimi ni pande la mtu. Leo wenzangu wamegundua jina lina maana ya pili, pande mbili, wamecheka mpaka wakashika mbavu. Nimecheka nao.

Katibu akauliza, wewe ni wa upande gani? Nikasema wa boila asubuhi, wa cherehani mchana.

Hakucheka. Akanipa fomu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsi: visanduku viwili. Niirudishe Ijumaa. Nikiacha kisanduku kitupu, alisema, na yeye atakuwa na nafasi tupu ya kazi.


Jumanne, 4 Machi

Mzee Geji amezisikia habari zote akiwa ameinama, sikio kwenye bomba, kama kawaida yake. Miaka thelathini na minane na boila ile ile. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Akasema mimi nilipoingia hapa, rola ya pasi ilikuwa ya wanaume. Mashine ya moto, walisema, mwanamke ataungua. Cherehani nazo, wanaume watatu wamekaa pale, tepu shingoni. Halafu bohari ikafunguliwa, kazi nyepesi, wanaume wakahamia huko, rola ikakosa watu. Wakaletwa wanawake. Mwaka haujaisha ikawa ni kazi ya wanawake tangu dunia iumbwe.

Mama Rola alikuwa anapita na kapu. Yeye ndiye mkubwa wa pasi, mikono kama ya bondia. Akasema ni kweli, na yule aliyemwambia ataungua alikuwa mwenyewe na kovu hadi kwenye bega.

"Ngapi?" Mzee akaniuliza, Mama Rola alipoondoka.

"Tano na nusu."

"Maji?"

"Nusu ya kioo."

Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi. Sijawahi kuliandika hili hata humu, lakini sasa lazima: Mzee haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Geji ya presha kwake ni duara jeupe, kioo cha maji ni mstari wa ukungu. Mwaka mzima mimi ndiye macho yake. Amebakiza miezi mitano astaafu. Wakijua, alisema, watanitupa kama shuka lililooza. Nikamwapia.

Jumatatu ijayo mimi nitakuwa upande wa pili wa ukuta na gauni la bluu. Au na ovaroli, nimesema uongo kwenye karatasi ya hospitali.

Je, ni uongo? Na KE nayo je, ni kweli?


Jumatano, 5 Machi

Asubuhi, binti wa dada yangu — ana miaka sita, anakaa nami na mama, mama yake anafanya kazi mbali — amesimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Leo nikuite nani?"

Huuliza hivyo hivyo kila siku, kama anayeuliza kama mvua itanyesha. Kuna siku nasema mjomba. Kuna siku nasema mama mkubwa. Kuna siku nasema yoyote, naye huniita Pande na kucheka kwa sababu ni jina la kazini. Yeye hilo halimpi shida. Shida yake ni sukari kwenye uji.

Leo nikasema baadaye. Akanitazama kama nimemnyima kitu.

Jioni nikamwonyesha mama fomu. Alikuwa anachambua mchele, akasukuma ungo pembeni, akaisoma mpaka kwenye mhuri. Nikamuuliza jambo ambalo sijawahi kumuuliza. Mbona huniita mwanangu tu? Hata mbele ya wageni, "huyu ni mwanangu mkubwa." Wenzako husema binti yangu.

Alinirudishia fomu.

"Nilikuita binti ulipokuwa na miaka saba," akasema. "Mbele ya jirani. Ukageuka nyuma kumtafuta."

"Nani?"

"Huyo binti. Ukatazama nyuma kuona naongea na nani. Nikaacha."

Akavuta ungo, akaendelea na mchele. Mimi nikaenda uani nikajifanya natafuta ndoo.


Alhamisi, 6 Machi

Vibao vimeshapigwa misumari kwenye milango ya vyumba vya kubadilishia. WANAUME. WANAWAKE. Rangi haijakauka.

Nilikwenda kwanza mlango wa kushoto, wa wanaume. Winchi — msukuma matoroli, tumekula naye sahani moja miaka sita — akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Pande, mimi sina neno na wewe, akasema. Lakini kibao ni kibao, na mke wangu ana masikio. Alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Nikaenda wa kulia. Msichana mpya wa kukunja, aliyeanza kazi Jumatatu, alikuwa anavaa. Alijivutia shuka hadi shingoni. Hakusema kitu kibaya. Alisema tu, samahani, sikujua kama na wewe...

Kama na mimi nini? Hakumalizia. Simlaumu. Ningekuwa yeye, mgeni, siku ya nne kazini, ningevuta mashuka mawili.

Nimebadilishia nguo kwenye chumba cha boila, nyuma ya tangi la dizeli. Mzee akageuza uso ukutani kwa heshima. Nikamwambia Mzee, wewe huoni hata hivyo. Akasema heshima haina macho, vaa upesi.

Tumecheka. Kisha nikamsomea namba, boila inanguruma katikati yetu.


Ijumaa, 7 Machi

Nimerudisha fomu bila alama.

Katibu hakufoka. Afadhali angefoka. Alinikaribisha kiti. Alisema unaniona mtu mbaya. Kisha akanisimulia: hospitali aliyotoka kulikuwa na chumba kimoja cha kuvalia, wote pamoja. Msichana wa usafi alifungiwa humo na wanaume wawili. Yeye ndiye aliyeandika ripoti. Alipopata kazi hapa, kitu cha kwanza alichoapa ni vyumba viwili na kufuli mbili.

"Mimi mwenyewe waliniambia ukatibu ni wa wanaume," akasema. "Nilipambana. Kwa hiyo usidhani sijui. Lakini siwezi kujenga chumba cha tatu kwa ajili ya mtu mmoja."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Nikamwambia Katibu, mama, siombi chumba. Naomba kubaki kwenye boila.

Akauliza kwa nini boila. Mzee ana uzoefu wa miaka karibu arobaini, anahitaji msaidizi wa nini?

Hapo ndipo ilipokuwa. Sentensi moja tu. Ilikuwa kwenye ulimi, naihisi bado. Mzee haoni, mama. Nikameza.

Akachukua kalamu, akalifungua faili langu, akatia alama KE. "Nimekusaidia," akasema. Akanipa gauni. Saizi kubwa kuliko zote, na bado linabana mabegani.


Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mzee. Anakaa peke yake, chumba kimoja, kila kitu mahali pake ili mkono ukipate. Nilimsihi. Sema mwenyewe, Mzee. Omba likizo ya ugonjwa. Macho yanafanyiwa upasuaji siku hizi, siku moja tu. Akasema wakifungua faili lake la ugonjwa hawatalifunga tena.

"Boila naisikia," akasema. "Naisikia kuliko wewe unavyoiona."

Kusikia si kuona, nikamwambia. Akanimiminia chai, akakijaza kikombe mpaka ikamwagika mezani. Sote wawili tulijifanya hatukuona. Yeye kweli hakuona.

Mama amelegeza mishono ya mabega ya gauni. Nimelijaribu mbele ya kioo. Si kwamba nachukia magauni. Nina mawili kabatini, yanatoka siku zao, na siku hizo nalala vizuri. Kuna siku mwili unanikaa kama nguo ya kuazima, na kuna siku unanikaa sawa, na sijawahi kujua jioni asubuhi italeta ipi. Hilo nimelizoea, kama mtu anavyozoea goti linalouma. Ninachochukia ni hili: gauni la kila siku. Na ovaroli ya kila siku ningeichukia vile vile, nadhani. Sijui. Sijawahi kulazimishwa ovaroli.


Jumatatu, 10 Machi

Siku nzima nimekunja. Shuka, foronya, shuka. Mikono inakunja, masikio yako ukutani. Saa nne mngurumo ulishuka kidogo, moyo nao ukashuka. Ukapanda tena.

Mara mbili nilijidai naenda chooni, nikapita dirisha la boila, nikasema namba kwa sauti ya chini. Tano. Nusu ya kioo. Mzee akajibu "ehe" bila kugeuka.

Binti asubuhi aliliona gauni, akasema leo sihitaji kuuliza. Nikamwambia uliza tu.


Jumanne, 11 Machi

Mara ya tano dirishani, Katibu alikuwa nyuma yangu.

Choo cha wanawake kiko kule, akasema. Nikasema nasalimia tu. Akasema mtu husalimia mara moja kwa siku. Mchana mlango wa katikati, kati ya kukunjia na boila, ukatiwa kufuli. Dirisha likabandikwa ubao.

Mama Rola alikuwa ananitazama. Alipokaribia akaniuliza kwa kunong'ona, kuna nini na yule mzee? Nikasema hakuna. Akasema, haya. Haya yake ilikuwa nzito.


Jumatano, 12 Machi

Naandika alasiri. Mwandiko mbaya. Nianze mwanzo.

Saa nne kasoro. Nakunja shuka na yule msichana mpya, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili. Pampu ya maji ikakohoa. Hulia tik-tik-tik, miaka tisa nimeisikia. Ikakohoa, ikanyamaza. Moto ukaendelea kunguruma. Moto bila pampu.

Nikasubiri. Pampu huzima, huwaka. Nikahesabu mpaka ishirini. Thelathini. Mama Rola akasimamisha rola yake, akanitazama. Yeye naye amesikia.

Nikaachia shuka. Mlango umefungwa. Nikatoka nje, nikazunguka uani, gauni nimelikunja hadi mapajani, nakimbia mbele ya wagonjwa wa nje, mbele ya walinzi, mtu mmoja akapiga mluzi. Nikaingia kwa mlango wa dizeli.

Joto si la kawaida. Harufu ya chuma. Kioo cha maji kitupu — kitupu kabisa, mpaka chini. Na Mzee amesimama pale, mkono wake uko kwenye valvu ya kuingiza maji kwa mkono, ameanza kuizungusha. Kwake yeye maji yamepungua tu. Anajua pampu imezima, anafanya linalopaswa kufanywa. Hajui kwamba hakuna maji. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: kioo kikiwa kitupu usitie maji, yakigusa chuma kile chenye moto boila inapasuka, na paa, na wewe, na ukuta wa wodi ya watoto.

Nikaushika mkono wake kwa mikono miwili. Ana nguvu bado. "Kitupu!" nikasema. "Mzee, kitupu!"

Mkono ukalegea. Uso wake sitausahau.

Nikafunga dizeli. Moto ukafa. Nikamtoa nje nimemshika kiuno, nikapiga kelele watu wote watoke, na walitoka, Mama Rola alikuwa ameshaanza kuwatoa. Tulisimama uani kama nusu saa tukilitazama paa la bati. Haikupasuka.

Msichana mpya alikuja akasimama karibu yangu. Gauni langu lilikuwa limechanika ubavuni, kitambaa cha kifua kinaonekana. Akavua kanga yake, akanifunika, akafunga fundo mwenyewe.

Hakuna mvuke. Chumba cha upasuaji hakina nguo safi. Wagonjwa wanne wamerudishwa wodini.


Alhamisi, 13 Machi

Mkaguzi wa boila amekuja, mtu mfupi, tochi kofiani. Ametambaa ndani, ametoka mweusi. Akauliza nani alifunga dizeli. Wote wakasema huyu. Akauliza mnaye upande gani wa kazi. Winchi ndiye aliyejibu: alikuwa wa boila, akahamishwa Jumatatu. Akasema kwa sauti, Katibu akiwa pale pale.

Mabomba hayajapinda, asema mkaguzi. Dakika mbili zaidi yangepinda. Boila inaweza kuwashwa, lakini si na mtu yeyote tu. Na anataka maelezo kwa maandishi, ya nani alizembea.

Mchana Katibu akaniita. Peke yangu. Mlango kafunga. Kikombe chake cha chai kilikuwa mezani, hakijaguswa.

"Andika kwamba Mzee alizembea," akasema. "Basi. Hiyo tu. Kesho utapewa boila. Ovaroli ninayo ya saizi yako, na ukitaka gauni siku nyingine vaa gauni, sitauliza. Fomu yako nitaichana, niandike nyingine, kisanduku kibaki wazi."

Yaani kila kitu. Kila kitu nilichotaka Ijumaa iliyopita, kiko mezani.

Nikamuuliza, na kufuli? Na ubao dirishani, vitaandikwa wapi?

Alitazama kikombe. Nikajua kwamba anaogopa kama mimi, na kwamba aliweka ile kufuli kwa ajili ya yule msichana wa hospitali nyingine, na kwamba hilo nalo ni kweli. Akasema nimpe jibu kesho kabla ya saa sita.

Nyumbani sikula. Mama hakuniuliza. Binti aliniuliza, ni nani aliyekuchania nguo? Nikasema boila. Akasema boila ni mwanamume au mwanamke? Nikamwambia boila ni chuma. Akaridhika.


Ijumaa, 14 Machi

Saa tano na robo. Niko kwenye benchi, koridoni, nje ya ofisi ya Katibu. Nimevaa suruali yangu na shati la mama. Ndivyo nilivyoamka.

Maelezo yako magotini, kurasa mbili. Nimeandika kwamba Mzee haoni, tangu mwaka jana. Kwamba mimi nilijua. Kwamba nilikuwa nasoma geji kwa niaba yake, nikaapa kunyamaza, na Ijumaa iliyopita nilipoulizwa kwa nini nataka kubaki nikanyamaza tena. Kwamba nilihamishwa kwa sababu ya kisanduku. Kwamba kulikuwa na kufuli na ubao. Sikumwacha mtu. Karatasi hii inaweza kututoa kazini wote watatu, mimi, Mzee na Katibu.

Kutoka hapa dirisha linaonyesha uani. Hakuna mashine, hakuna mvuke, kwa hiyo wanafua kwa mikono kwenye mabeseni. Winchi amekunja ovaroli hadi magotini, anakamua shuka na Mama Rola, mmoja anazungusha huku, mwingine kule. Winchi anazidiwa nguvu. Waliobaki wanaanika kwenye ua wa nyaya. Kijani na bluu, wote wamelowa. Hakuna aliyekumbuka kuwagawa.

Mzee ameketi kando yangu. Amekuja mwenyewe, mkono ukutani toka getini. Kaniambia, soma.

Nimemsomea yote. Pale kwenye macho nimesoma mara mbili. Alisikiliza ameinama, kama anavyosikiliza bomba.

"Umekosea mahali," akasema.

"Wapi?"

"Si mwaka jana. Ni miaka miwili. Mwaka wa kwanza nilikuficha na wewe."

Nimesahihisha. Nimemwonyesha mahali pa kutia sahihi, nimemshikisha kalamu, ametia. Imepita mstari, haidhuru.

Ndani, mkaguzi na Katibu wanaongea. Mkaguzi anasema kesho kuna wajawazito wawili wa kupasuliwa, anataka jina la mtu wa kuwasha boila leo, jina, si habari nyingine. Katibu anasema kuna utaratibu. Sauti zinapanda, zinashuka.

Karani amefungua mlango. Anasema tuingie wote wawili.

Mzee amesimama. Amenyoosha mkono hewani, kuelekea nilipo, nimwongoze. Hapa hapa koridoni, watu wote wakitazama. Ngoja nimshike.